Kina Ndani ya Kioo Bapa: Michezo ya Kawaida ya Video katika Miwani ya Uhalisia Pepe, na Yanayoyapata Macho na Masikio

Michezo mingi ya video inayochezwa leo ilitungwa kwa ajili ya kioo bapa, kiwe cha televisheni, cha kompyuta au cha simu. Hata hivyo, tangu miwani ya kwanza ya kampuni ya Oculus ilipowafikia watengenezaji wa programu mwaka 2013, wamekuwapo watu wanaoichukua michezo hiyohiyo na kuihamishia ndani ya miwani ya uhalisia pepe, yaani kile kifaa kinachofungwa usoni na kulionyesha kila jicho picha yake. Programu za kufanya kazi hiyo zipo kadhaa: vorpX ni miongoni mwa zile za mwanzo, na UEVR ni miongoni mwa zilizokuja miaka kumi hivi baadaye. Mchezaji aliyezoea kuuangalia ulimwengu wa mchezo kwa mbali, mithili ya mtu anayechungulia dirishani, sasa hujikuta amesimama ndani ya chumba kilekile alichokuwa akikichungulia.

Uzuri wa michezo hiyo tutawaachia wenyewe wanaoicheza. Makala haya yanahusu mwili wa mchezaji, na yanatokana na maswali mawili. Wachezaji huuliza kwa nini mchezo walioucheza miaka mingi bila shida sasa unawatia kichefuchefu. Wazazi nao huuliza kama kioo kilicho sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtoto hakitamharibia macho. Swali la kwanza limefanyiwa kazi kwa muda mrefu na lina majibu ya kueleweka. La pili lina jibu linaloanzia mahali ambapo wazazi wengi hawapatarajii.

Macho mawili, picha mbili

Msomaji na aanze na jaribio dogo. Nyoosha mkono mbele, simamisha kidole gumba, kisha fumba jicho la kulia na la kushoto kwa zamu. Kidole kitaonekana kuruka upande huu na ule mbele ya ukuta. Kisogeze karibu na pua na urudie: sasa kinaruka zaidi. Mboni za macho ya mtu mzima hutengana kwa milimita 63 hivi kwa wastani, kwa hiyo kila jicho huuona ulimwengu kutoka mahali tofauti kidogo. Ubongo huzipokea picha hizo mbili, huipima tofauti iliyopo kati yake, na kutokana na tofauti hiyo hutambua ni kitu gani kiko karibu na kipi kiko mbali.

Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone ndiye aliyelithibitisha jambo hili mwaka 1838. Alichora michoro miwili ya kitu kimoja, mmoja kama kionwavyo na jicho la kulia na mwingine kama kionwavyo na la kushoto, akaiweka mbele ya vioo viwili vya kujitazamia vilivyoinamishwa ili kila jicho lione mchoro wake tu. Mistari iliyokuwa bapa juu ya karatasi ikasimama hewani kama umbo kamili. Upigaji picha ulikuwa bado haujatangazwa duniani. Ulitangazwa mwaka uliofuata. Miwani yote ya uhalisia pepe inayouzwa leo ni wajukuu wa kifaa hicho, ambacho yeye alikiita stereoskopu.

Ni muhimu kutambua kwamba tofauti ya picha mbili si njia pekee ya kujua umbali. Kitu kinachokizuia kingine kisionekane ndicho kilicho mbele. Kivuli, ukubwa, na jinsi vitu vya karibu vinavyopita haraka tunapotembea, vyote humpa taarifa hata mtu mwenye jicho moja. Ndiyo maana mtu asiyeona kina kwa macho mawili anaweza kumimina chai, kushuka ngazi na kuishi hadi uzeeni asijue kwamba amekosa chochote. Tutalirudia jambo hili.

Jinsi mchezo bapa unavyopewa kina

Ndani ya kompyuta, ulimwengu wa mchezo wa kisasa haukuwa bapa tangu mwanzo. Nyumba, miti na watu wake ni maumbo yenye urefu, upana na kina. Kinachokuwa bapa ni picha ya mwisho, ambayo kompyuta huichora kana kwamba kamera moja imewekwa mahali fulani ndani ya ulimwengu huo. Programu ya kuhamishia mchezo kwenye miwani huingia kati hapo. Njia iliyo bora ni kuichora kila picha mara mbili, kamera ikiwa imesogezwa pembeni kidogo kwa ajili ya jicho la pili. Njia iliyo nafuu ni kuchora picha moja tu, kisha kuzisogeza sehemu zake kulingana na umbali ambao kompyuta tayari inaujua. Katika njia hii ya pili, sehemu iliyokuwa imefichwa nyuma ya kitu haina picha ya kuijaza, na kingo za vitu huonekana kama zina ukungu. Ipo pia njia ya kuyachorea macho kwa zamu, fremu hii kwa jicho la kulia na inayofuata kwa la kushoto; hiyo hupunguza mzigo wa kompyuta, lakini vitu vinavyokwenda kasi huonekana vikitetemeka.

Kwa daktari, tofauti za njia hizi ni za maana kwa sababu kila kasoro ya picha ni kazi ya ziada kwa ubongo. Chukua alama ya kulengea shabaha, ule msalaba mdogo ulio katikati ya kioo. Kwenye televisheni haina tatizo. Ndani ya miwani, alama hiyo huelea karibu na uso ilhali adui anayelengwa yuko mita hamsini mbele. Macho yakimtazama adui, alama hugawanyika kuwa mbili. Yakiitazama alama, adui huwa wawili. Hivyo ndivyo macho mazima yanavyofanya kazi, na msomaji anaweza kuliona jambo hilo kwa kukitazama kidole gumba chake na ukuta ulio nyuma yake. Lakini katika maisha ya kawaida hakuna anayelazimishwa kuvitazama vyote viwili kwa pamoja kwa muda wa saa nzima. Hali ni hiyohiyo kwa vivuli na miale ya maji ambayo mchezo, kwa kuwa haukuandaliwa kwa macho mawili, huichora kwa jicho moja na kuisahau kwa jingine. Ubongo ukipewa picha mbili zisizopatana huziachia zishindane, na sehemu hiyo humetameta kwa namna ya kuudhi.

Umbali kati ya kamera mbili nao una athari. Ukizidi ule wa macho halisi, majumba huonekana kama vinyago vilivyopangwa mezani. Ukipungua, mlango wa kawaida huwa kama lango la ngome.

Ugomvi wa jicho na sikio

Kichefuchefu hakitoki tumboni, na kwa sehemu kubwa hakitoki machoni pia. Ndani kabisa ya kila sikio ipo mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, iliyojaa majimaji, inayohisi kichwa kinapogeuka. Kando yake vipo vifuko viwili vyenye punje ndogo za kalsiamu kaboneti, zinazohisi mvutano wa dunia na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au pembeni. Ushirikiano wa viungo hivyo na macho ni wa karibu mno. Tikisa kichwa kushoto na kulia huku ukisoma mstari huu: utausoma bila shida. Sasa kituliza kichwa na uutikise ukurasa kwa mwendo uleule: maandishi yanafutika. Katika hali ya kwanza sikio lilikuwa likiyaamuru macho yageuke upande wa pili, na amri hiyo huchukua milisekunde kumi tu hivi kutekelezwa. Ndiyo sababu miwani inayochelewa kuigeuza picha pale kichwa kinapogeuka humkera mvaaji hata kama hawezi kusema ni nini kinachomkera.

Mchezo wa kawaida huleta ugomvi mkubwa zaidi ya huo. Mchezaji ameketi kitini. Anasukuma kijiti cha pedi kwa kidole gumba, na macho yake yanauambia ubongo kwamba anakimbia, anaruka ukuta, anaanguka kutoka ghorofani. Masikio yanashikilia kwamba ameketi. Kwenye televisheni macho huona pia ukuta wa sebule na meza, kwa hiyo ubongo hauna shaka. Ndani ya miwani ushahidi huo umeondolewa. Waliotunga mchezo hawakuwa na habari kwamba siku moja kamera yao itafungwa kwenye kichwa cha mtu. Waliifanya itikisike bomu linapolipuka, iyumbe mhusika anapotembea, na katikati ya hadithi wakainyakua kutoka kwa mchezaji ili kumwonyesha tukio. Michezo iliyotungwa mahususi kwa ajili ya miwani huepuka karibu yote hayo.

Kwamba sikio la ndani ndilo mshitaki mkuu lilionyeshwa katika miaka ya 1960, watafiti wa jeshi la majini la Marekani walipowachukua watu ambao viungo vyao vya mizani vya masikio yote mawili vilikuwa vimekufa, wakawasafirisha pamoja na watu wazima wa afya katika dhoruba ya Atlantiki ya Kaskazini. Wenye masikio mazima walitapika. Wasio na viungo hivyo hawakuugua. Kwa nini ubongo ulijibu ugomvi huo kwa kutapika, badala ya kwa kuumwa kichwa tu, ni jambo ambalo mwanasaikolojia Michel Treisman alilitolea dhana mwaka 1977: katika maumbile, macho na mizani ya mwili hutofautiana hasa pale mtu alipokula sumu, na dawa ya kwanza ya sumu ni kuitapika. Dhana hiyo haijawaridhisha wote, lakini inaeleza vizuri kwa nini hali hii haitii amri ya mtu jasiri.

Hapo pana ushauri unaofaa kusisitizwa. Wachezaji wengi hujikaza wakidhani kwamba atakayevumilia ndiye atakayezoea. Kuzoea kupo, lakini huja kwa vipindi vifupi vinavyokatishwa mara tu dalili ya kwanza inapojitokeza: mate kujaa mdomoni, jasho baridi, miayo, uzito wa kichwa. Anayejikaza hadi atapike huufundisha mwili wake kuichukia miwani, na wapo wanaopata kichefuchefu kwa harufu tu ya mpira wake. Wanaoanza waitumie namna ya ukumbi wa sinema, ambamo mchezo huonyeshwa kwenye kioo kikubwa kilichotulia mbele yao, chenye kina ndani yake. Macho hupata chumba cha kuegemea, na raha ya kuona kina haipotei. Aidha, mtu asiendeshe pikipiki wala gari wala kupanda ngazi ya paa mara baada ya kuvua miwani. Kuyumba kunaweza kuendelea kwa muda.

Kuhusu wanawake, tafiti kadhaa ziliripoti kwamba huugua zaidi ya wanaume, na maelezo mengi yalitolewa kuhusu homoni. Mwaka 2020 Kay Stanney na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na miwani ambayo lenzi zake hazikuweza kusogezwa karibu vya kutosha kwa macho yaliyokaribiana. Waliotengenezewa miwani vibaya walikuwa wakiambiwa kwamba miili yao ndiyo yenye kasoro.

Kioo kilicho karibu na jicho

Sasa tuligeukie swali la wazazi. Kioo kiko karibu na jicho, lakini jicho halikitazami kwa umbali huo. Katikati ipo lenzi inayoipeleka picha mbali, kwa kawaida kati ya mita moja na mbili. Simu inayosomwa kwa umbali wa sentimita 30 hulidai jicho juhudi ya dayopta zaidi ya tatu; miwani hulidai chini ya moja. Kwa kipimo hicho, anayekihofia kifaa cha usoni alipaswa kwanza kukihofia kile kilicho mkononi.

Tatizo la miwani ni jingine. Katika maisha ya kawaida, kitu kinapokaribia, macho hugeukia ndani kuelekea puani, na wakati huohuo lenzi ya kila jicho hujikaza ili kukiona kwa uwazi. Vitendo hivi viwili vimefungwa pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Ndani ya miwani umbali wa picha haubadiliki: macho yanageuka kufuata kitu kinachosogea, lakini lenzi zinatakiwa zibaki palepale. Utafiti wa maabara ya Martin Banks, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kuvitenganisha vitendo hivi huchosha macho na huchelewesha utambuzi wa kina. Uchovu huo huisha kwa kupumzika. Michezo ya kawaida, ambayo haikuchunga umbali wa vitu na uso wa mtazamaji, huuleta upesi, hasa pale bunduki au ukuta unapofika karibu na pua.

Watengenezaji wamekuwa waangalifu tangu zamani. Nintendo, ilipouza kifaa chake cha Virtual Boy mwaka 1995, ilionya kisitumiwe na watoto walio chini ya miaka saba. Na ilipotoa Nintendo 3DS mwaka 2011 ilitaja miaka sita. Kampuni ya Meta ilishusha umri wa chini kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023. Tahadhari hizi zinatokana zaidi na upungufu wa ushahidi kuliko na madhara yaliyoonekana. Lakini ipo sababu ya kimaumbile ambayo haihitaji kusubiri utafiti: lenzi za miwani mingi hazisogei karibu vya kutosha kwa uso wa mtoto mdogo. Quest 2, kwa mfano, ina nafasi tatu tu, milimita 58, 63 na 68. Mtoto ambaye mboni zake zimetengana kwa milimita 50 hutazama kupitia ukingo wa lenzi.

Mambo mawili mengine yanahitaji kutajwa kwa ufupi. La kwanza ni kifafa kinachochochewa na mwanga. Mwaka 1997 nchini Japani watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini baada ya kipindi cha katuni cha Pokémon kumulika rangi nyekundu na bluu mara kumi na mbili hivi kwa sekunde. Mtazamaji wa televisheni anaweza kukaa mbali au kuangalia pembeni. Mwenye miwani usoni hana mbali wala pembeni, na anayejua kwamba mwanga wa kumetameta humletea degedege asiivae. La pili ni usafi. Miwani inayopokezanwa na watu wengi hugusa kope na paji la uso la kila mmoja. Virusi vya adeno, ambavyo ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya macho mekundu, huweza kuishi siku nyingi juu ya vitu vikavu, na Watanzania hawajausahau mlipuko wa Januari 2024. Mahali ambapo miwani hukodishwa kwa zamu, mpira wake ufutwe kwa dawa kila inapobadilisha kichwa, na mwenye jicho jekundu akae nje.

Anayesema haoni tofauti

Katika kila kundi la watu wanaojaribu miwani hii, huenda akatokea mmoja anayesema haoni kinachowashangaza wenzake. Kwake picha ni bapa kama ya televisheni. Wenzake humcheka au humwambia hajui kuivaa. Kama lenzi zimewekwa sawasawa, mtu huyo anapaswa kusikilizwa, kwa sababu inawezekana ubongo wake unalitumia jicho moja tu.

Sababu kubwa ni makengeza ya utotoni, au tofauti kubwa ya nguvu kati ya jicho moja na jingine, ambayo isiporekebishwa mapema huufanya ubongo uipuuze picha ya jicho lililo dhaifu. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa kutumia vitoto vya paka kwamba jicho lililozibwa katika wiki za mwanzo za maisha hupoteza nafasi yake katika ubongo ingawa lenyewe ni zima. Kwa binadamu hali hiyo huitwa ambliopia, na watu wengi huiita jicho vivu. Kadirio la kawaida ni kwamba humpata mtoto mmoja hadi watatu katika kila mia. Mtoto halalamiki, maana hajawahi kuona vingine.

Michezo ya video imejaribiwa kama dawa ya hali hii. Mwaka 2011 Roger Li, Dennis Levi na wenzao waliwachezesha watu wazima wenye ambliopia mchezo wa kivita wa kawaida, ule uliouzwa madukani, wakiwa wamezibwa jicho zuri. Uwezo wa jicho dhaifu uliongezeka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliugawa mchezo wa Tetris kati ya macho mawili, vipande vingine kwa jicho hili na vingine kwa lile, hivi kwamba asiyetumia yote mawili asiweze kucheza. Waliocheza hivyo kwa wiki mbili walinufaika kuliko waliozibwa jicho. Matumaini yalikuwa makubwa, kisha yakapunguzwa. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, watoto 385 walipewa ama mchezo wa namna hiyo au kizibo cha jicho, na mchezo haukuonekana kukishinda kizibo. Ni asilimia 22 tu ya waliopewa mchezo waliofikisha zaidi ya robo tatu ya muda walioagizwa. Mtu anaweza kusema, bila kuwakosea heshima watafiti, kwamba mchezo wenyewe uliwachosha. Baadaye walikuja wengine wakatumia vipindi vya televisheni ambavyo watoto tayari wanavipenda, wakavionyesha ndani ya miwani ya uhalisia pepe huku picha ya jicho zuri ikififishwa. Jaribio lililohusu watoto 105 lilionyesha kuongezeka kwa mistari 1.8 kwenye chati ya kusomea, dhidi ya 0.8 kwa waliovaa miwani ya kawaida peke yake, na mwezi Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali tiba hiyo kwa watoto wa miaka minne hadi saba.

Hiyo haina maana kwamba mtu mzima mwenye makengeza ya siku nyingi ajitibu nyumbani kwa kufifisha picha ya jicho moja. Ubongo wake ulilipuuza jicho hilo ili kumwepusha na kuona vitu viwili viwili. Ukilazimishwa kuliamsha bila ya uwezo wa kuziunganisha picha, anaweza kubaki akiona viwili viwili hata baada ya kuvua kifaa, na hali hiyo ni ngumu kuiondoa. Ni kweli kwamba Susan Barry, mtaalamu wa neva wa Marekani aliyekuwa na makengeza tangu uchanga, alipata uoni wa kina akiwa na umri wa miaka 48, lakini aliupata kwa mazoezi chini ya uangalizi wa mtaalamu wa macho.

Kwa mtoto, hatua ni nyepesi. Apimwe kila jicho peke yake, jingine likiwa limezibwa sawasawa kwa kiganja cha mtu mzima, asije akachungulia kati ya vidole. Akikutwa na tofauti, apelekwe kliniki ya macho apimwe miwani ya kawaida, kwa kuwa takriban robo ya watoto wenye ambliopia ya tofauti ya nguvu hupona kwa miwani hiyo peke yake. Wasiopona huzibwa jicho zuri, na kwa ambliopia ya wastani saa mbili kwa siku zimeonekana kutosha sawa na sita. Matokeo huwa mazuri zaidi kabla ya miaka saba. Mwenye miaka tisa au kumi na moja asirudishwe nyumbani, kwani wengi wa umri huo nao huongezeka mistari miwili au zaidi wakitibiwa.